Msimu wa saba wa Black Mirror, nilivyouona mimi fundi simu wa Mwembe Tayari, Mombasa

Kazi yangu ni kubadilisha vioo. Mtu akija na simu iliyoanguka hasemi skrini, anasema, "Fundi, kioo kimekufa," na mimi hukigeuza mkononi, kimezima tii, cheusi, nikaona pua yangu mwenyewe mle ndani. Kwa hivyo miaka ile mpwa wangu aliponiambia kuna tamthilia inaitwa Black Mirror, yaani kioo cheusi, nilidhani ni ya mafundi wenzangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye nikaja kujua sikuwa mbali sana: Charlie Brooker, Mwingereza aliyeitunga, amewahi kueleza kwamba jina lilitokana na kioo cha runinga au simu kikishazimwa. Ilianza Channel 4 ya Uingereza mwaka 2011, ikahamia Netflix 2016, na kila episodi ni hadithi yake peke yake, kwa hivyo hata ukiingilia katikati hupotei.

Msimu wa saba ulitoka Alhamisi, tarehe 10 Aprili 2025, episodi zote sita kwa mpigo, saa nne asubuhi kwa saa zetu. Saa nne asubuhi mimi niko na bisibisi mkononi na wateja watatu wananitolea macho. Tena Idi ilikuwa imepita juzi tu, na baada ya Idi kazi huwa nyingi: vijana wamepata hela za Idi, wamenunua simu za mkono wa pili, na simu zenyewe zimeanza kuonyesha rangi zao. Kufika alasiri, WhatsApp ilikuwa inalia kama king'ora. Wasio na kazi walikuwa wameshamaliza tatu.

Kando ya duka langu kuna baraza, pale mzee wa kahawa anapotua dele lake kuanzia magharibi. Tukapitisha sheria: atakayemwaga mtama kabla ya Jumamosi usiku atalipia kahawa ya wote. Kufikia Ijumaa kinyozi wa jirani alikuwa ameshalipa mara mbili. Hapa sifuati sheria hiyo. Mimi nitamwaga, tena gunia zima, kwa hivyo kama hujatazama, rudi baadaye.

Kwa mwenye haraka: nimeupenda kuliko msimu wa sita, ule wa Juni 2023, uliokuwa na mpaka mtu anayegeuka mbwamwitu, kitu ambacho hadi leo sijui kinahusiana vipi na kioo cha aina yoyote. Safari hii Brooker amerudi kwenye mitambo. Episodi mbili ni nzuri hasa, moja imetuchekesha wiki nzima, mbili za kawaida, na moja nilisinzia.

Ile iliyotuchekesha ni Bête Noire, na kichekesho chenyewe wala hakikuwa kwenye hadithi. Maria anatunga ladha za vitamutamu kwenye kampuni moja. Siku moja anaajiriwa hapo Verity, msichana waliyesoma pamoja na ambaye wenziwe walimtesa sana shuleni. Tangu Verity aingie, kila anachokumbuka Maria kinageuka. Barua pepe aliyoiandika mwenyewe inasomeka vingine. Kuna mahali wanabishania jina la mkahawa, kama ni Barnies au Bernies, jambo dogo tu, lakini ndipo unapoanza kumuona Maria akiteleza.

Sasa kinyozi alitazama kwake Kisauni. Mpwa wangu alitazama kwetu Tudor. Ijumaa usiku wakakutana barazani, na kinyozi, ambaye faini haimuumizi tena, akaanza: "Yule dada walimuonea wallahi. Jina la haki ni Barnies." Mpwa wangu akaweka kikombe chini. "Bernies."

"Barnies, mwanangu. Nimeiona kwa macho yangu haya."

"Na mimi yangu ni macho ya nani?"

Ikawa shughuli. Watu wakagawana pande kama mpira. Wakawekeana mishikaki kumi. Kila mmoja akatoa simu, akatafuta pale pale, akaweka kikombe cha kahawa kuizuia isianguke. Kinyozi akabonyeza: Barnies. Mpwa wangu akabonyeza: Bernies. Baraza zima kimya. Mzee wa kahawa, ambaye hajawahi kutazama hata episodi moja maishani mwake, akafuta mikono kwenye kikoi akasema, "Basi mishikaki hiyo nitakula mimi."

Kumbe waliofanya hivyo ni watengenezaji wenyewe. Episodi hiyo ilitolewa kwa matoleo mawili: watazamaji wengine walipewa jina moja, wengine jingine, bila kuambiwa, ili wakikutana wabishane kama Maria. Kinyozi hakukubali. Aliniletea simu yake asubuhi niikague kama imeingiwa na virusi. Nilimwambia kukagua ni shilingi mia mbili, akairudisha mfukoni.

Hadithi yenyewe inaishia vibaya, kwa maoni yangu. Kuna kidude shingoni kinachoweza kuleta dunia yoyote unayoitaka, na mwisho mtu anatawazwa malkia wa ulimwengu wote, vazi la kifalme na kila kitu. Kitoto. Ule ujanja wa Barnies na Bernies una akili kuliko dakika kumi zote za mwisho.

Jumamosi tukakusanyika nyumbani Tudor, mvua ya masika inapiga mabati ya jirani. Dada yangu mkubwa alikuja na viazi karai na ukwaju wa pilipili. Mama alikuwepo pia. Mama hajui Kiingereza, lakini mpwa wangu humtafsiria kwa sauti ya DJ Afro, yule msimulizi wa filamu, akiongeza chumvi yake pale hadithi inapopoa, kwa hivyo mama huwa anatazama tamthilia nyingine kabisa, na mara nyingi nadhani ni bora kuliko yetu.

Tukaanza na Common People. Mike ni fundi wa kuchomelea vyuma, mkewe Amanda ni mwalimu. Amanda anaanguka darasani, anapatikana na uvimbe kwenye ubongo. Inajitokeza kampuni iitwayo Rivermind: upasuaji bure, kile kipande cha ubongo kilichoharibika kitahifadhiwa kwenye mitambo yao na kurushwa kwake hewani, nyinyi mtalipa dola 300 tu kila mwezi. Tu! Kwanza wanagundua kwamba Amanda akivuka mpaka wa minara yao anazima papo hapo, kama simu iliyopoteza mtandao barabarani. Halafu linaletwa daraja jipya la bei ya juu, na lile la chini linaanza kuoza. Amanda analala masaa mengi, na akiwa macho anakatiza mazungumzo na kunadi biashara za watu kwa mdomo wake, bila yeye kujua kwamba amesema.

Dada yangu anafundisha shule ya msingi. Tangazo la kwanza lilipomtoka Amanda, dada alicheka mpaka ukwaju ukampalia. La pili hakucheka. Amanda alipoanza kunadi mbele ya mtoto wa shule, dada akasema polepole, "Huyu watamfukuza." Wakamfukuza.

Mpwa wangu akatukumbusha kwamba sisi Wakenya mchezo wa bure tunaujua, kwani Netflix hiyo hiyo tulikuwa nayo bila malipo kwenye simu za Android, kuanzia Septemba 2021 mpaka Novemba 2023. Mimi nikakumbuka bando langu. Kila mtu pale ndani alikuwa na bando lake la kukumbuka. Lakini mama ndiye aliyeuliza swali.

"Hawa watu hawana ndugu?"

"Wapi, mama?"

"Hawa. Mume anahangaika peke yake. Mbona hawachangishi?"

Tukacheka, kisha tukanyamaza, maana ni kweli. Kwa saa nzima hatujaona shangazi, hatujaona jirani aliyebeba sufuria, hakuna hata kundi la WhatsApp la kumuombea mgonjwa. Hapa kwetu mtu akilazwa, kabla hajavuliwa viatu kundi limeshafunguliwa, namba ya kutuma imewekwa, na mweka hazina anaandika majina: fulani 500, fulani 1,000, fulani ameahidi. Mama akaona hilo ndilo pengo la hadithi. Waingereza hawakuelewa.

Dada akamjibu vizuri kuliko Brooker mwenyewe. "Mama, mchango ni wa mwezi wa kwanza. Wa pili ukibahatika. Hii ni kila mwezi. Mwezi wa saba utabaki wewe na mweka hazina, wengine wote wameshatoka kwenye kundi." Mama hakusema kitu. Yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wakati wa ugonjwa wa mjomba, na kile kitabu bado kiko kabatini.

Hapo ndipo nilipouelewa ukali wa episodi hii. Tatu mia inaweza kupatikana. Kinachoua ni kwamba tarehe inarudi. Mtu wa deni la mara moja watu humbeba, wa kila mwezi humkimbia, wala si kwa ubaya wa moyo.

Mahali niliposhindana nao ni robo ya mwisho. Mike anaingia mtandao mmoja ambako watu hulipa wakuone ukijidhalilisha, na tunaonyeshwa mambo ambayo sikuhitaji kuyaona nikiwa na mama sebuleni. Ukwaju ulishatosha, Brooker akaongeza pilipili ya pili. Halafu ule mwisho, Mike anamziba pumzi kwa mto wa kulalia, Amanda akiwa ameomba mwenyewe, huku mdomo wake ukiendelea kunadi. Mama aliinuka akasema anakwenda kuswali isha. Hakurudi.

Hotel Reverie sitaisema sana. Issa Rae anaingizwa kwa mitambo ndani ya filamu ya zamani isiyo na rangi, anampenda mwanamke wa humo. Nguo nzuri, mataa mazuri, usingizi mzuri pia. Nilizinduka pale kinywaji kilipomwagikia mtambo na kila kitu kikasimama. Hapo nilikaa wima. Kampuni yenye uwezo wa kumuingiza mtu mzima ndani ya filamu, na hakuna aliyekataza vikombe mezani! Mimi kwenye meza yangu ya mbao pale Mwembe Tayari, chai haikaribii bodi ya mtu.

Plaything ina Peter Capaldi akiwa mzee mwenye nywele za kichaa, anawasimulia polisi jinsi mwaka 1994, akiwa mwandishi wa jarida la michezo ya kompyuta, alivyopewa mchezo wenye viumbe wadogo wa manjano wanaozaana. Brooker mwenyewe ujanani aliandikia jarida hilo, PC Zone, na inaonekana, kwa sababu chumba kile chenye nyaya na vumbi kimechorwa na mtu aliyekaa humo. Waliotazama Bandersnatch, filamu ya Black Mirror ya 2018, watamuona tena Colin Ritman, yule mtunzi wa michezo ya kompyuta. Mpwa wangu aliupakua mchezo wenyewe wa Thronglets, upo wa kweli, akaua viumbe wote usiku wa kwanza akaona haya kuniambia. Mwisho, mlio mmoja unatoka kwenye kila simu duniani na watu wanaanguka. Kitaalamu nina maswali. Nusu ya simu zinazopita mikononi mwangu hazina spika inayofanya kazi.

USS Callister: Into Infinity ndiyo iliyosubiriwa na vijana. Ile ya kwanza ilitoka Desemba 2017, ikazoa tuzo nne za Emmy mwaka uliofuata, na kabla ya hii Brooker hakuwahi kurudi kwenye hadithi aliyoifunga. Kwa hivyo vijana walikuja na heshima zote, wengine wamevaa kama wanakwenda harusini. Nanette na wenzake, nakala za watu zilizonaswa ndani ya mchezo wa mtandaoni, sasa wanaishi kwa kuwapora wachezaji, maana bila fedha za mchezo meli haitembei. Inakwenda karibu saa moja na nusu.

Kwenye dakika ya arubaini hivi stima ikapotea. Hakuna aliyethubutu kusema mzaha wa kioo cheusi, kwa sababu mpwa wangu alikuwa ameshausema mara nne wiki hiyo. Tulikaa gizani tukasikiliza mvua na kubishana. Vijana walikuwa upande wa wezi. Walisema hawa watu hawakuomba kuzaliwa humo, waache waibe. Dada akauliza kama watasema hivyo siku wao watakapoporwa simu kwenye tuktuk. Kijana mmoja akajibu, "Dada, mimi nishaporwa, na yule mwizi naye hakuomba kuzaliwa Mombasa." Stima iliporudi, tulikuwa tumeshasahau walipofikia.

Wao waliipa nyota tano. Mimi tatu. Cristin Milioti, Nanette mwenyewe, ni hodari, anacheza watu wawili na humchanganyi hata akiwa kimya. Lakini ile ya kwanza ilikuwa na woga ndani yake, na hii ina haraka. Wanakimbia, wanapiga risasi, wanatania, wanakimbia tena. Kama hujatazama ya 2017, usianze na hii, utakuwa mgeni kwenye arusi usiyojua bwana wala bibi.

Nimeacha Eulogy mwisho, na mwanzo nilidhani nitaisema kwa mistari miwili kwa sababu pale Tudor haikupata mashabiki. Vijana walitoka nje kutafuta mtandao. Hakuna meli, hakuna mauaji. Ni mzee mmoja, Phillip, anachezwa na Paul Giamatti, anayepigiwa simu kuambiwa kwamba mwanamke aliyempenda zamani amefariki, na kampuni ya maziko inakusanya kumbukumbu zake. Wanamtumia kidude cha duara cha kubandika kwenye paji kando ya jicho, na kwa hicho anaweza kuingia ndani ya picha za kale na kutembea humo. Tatizo ni kwamba alipoachwa, kwa hasira, aliharibu uso wa yule mwanamke kwenye kila picha. Amekuna, amekata, ametoboa. Anatembea kutoka picha hadi picha akiutafuta uso aliouharibu kwa mkono wake, na hata kichwani haupo tena. Mitambo yote ile haiwezi kumpa kisichokuwepo kwenye karatasi.

Sitasema yote. Anachokipata mwisho hakitoki kwenye picha. Kinatoka kwenye kaseti, sauti ya ala ambayo yule mwanamke alikuwa akiipiga. Anaiweka ile kanda, inaanza kulia, na uso unarudi.

Niliitazama tena peke yangu Jumapili, duka limefungwa, kwa sababu ya mteja mmoja wa mwaka juzi.

Mama wa makamo, buibui na miwani, aliniletea simu iliyoingia maji na kukaa miezi kwenye droo. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Nilimwambia ukweli, kwamba simu iliyooza namna ile huwa hairudi, na kwamba kama anataka picha, pengine zipo kwa watoto.

"Picha ninazo, mwanangu," akasema. "Sauti ndiyo inanipotea."

Nikaifungua. Bodi ilikuwa na kutu ya kijani pembeni mwa mfumo wa chaji. Niliisafisha kwa spiriti na mswaki, nikaipuliza kwa blowa, nikaacha ikauke hadi siku ya pili, nikaiwekea betri ya simu nyingine. Kioo hakikuwaka, lakini mkononi niliisikia ikitetemeka. Nikaiazimia kioo cha mteja mwengine kwa nusu saa, Mungu anisamehe. Yule mama akachora herufi ya Z bila kufikiri, simu ikafunguka, na akanielekeza mwenyewe kwenye WhatsApp.

Bodaboda zilikuwa zinapita nje kwa fujo. Aliisogeza simu sikioni na mimi nikasikia vilevile, maana zile spika zilikuwa nzima: "Ee, nishafika Likoni. Feri leo ilijaa mno. Hebu anua nguo, huku mvua ishaanza."

Ni hilo tu. Sekunde saba. Akairudia mara tatu, na mara ya tatu akacheka.

"Sikuzianua," akaniambia. "Zikalowa zote."

Nilimhamishia zile sauti kwenye memori kadi, nikafanya na ya pili ya akiba. Akalipa ya moja. Ya pili akaitia kwenye mkoba kabla sijasema bei.